Kabla ya Kuuma, Kasuku Huwa Amekwisha Kusema

Mdomo wa kasuku wa kijivu umeumbwa kwa kuvunjia kokwa ngumu za msituni, na ukiikamata nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hufanya kazi hiyo hiyo: sehemu ya juu hushikilia, ya chini hukandamiza, kisha ndege huzungusha kichwa kidogo kutafuta mahali ganda litakapofunguka. Hakuna kelele wala hasira ya kuonekana. Kidonda chenyewe huwa kidogo, kimeingia ndani, na huchelewa kupona kuliko mtu anavyodhani akikitazama.

Naanza na mdomo kwa sababu ndio uliomleta Oscar kwetu. Kituo kilichotupatia, hapa Uingereza tunakoishi, kazi yake ni kuwatafutia makao mapya ndege ambao wenyewe wamewashindwa, na wasifu wake ulitosha nusu ya karatasi: umri wa miaka 18, mzima wa mwili, amejinyonyoa manyoya ya kifua, anasema, anauma. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee aliyeishi peke yake naye hadi alipohamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kutoka kwake Oscar alirithi kikohozi kizito cha asubuhi, anachokitoa barabara kiasi kwamba mgeni huuliza nani anaumwa chumba cha pili. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya familia yenye watoto, na huko, kwa jinsi tulivyoelezwa, walimshika kwa glavu za ngozi za kufanyia kazi bustanini.

Kabla sijaeleza tulichokifanya, ni vyema msomaji amwelewe ndege mwenyewe. Wengi niliokua nao Mombasa walimjua kasuku kwanza kwenye daftari la shule na kopo la mafuta ya kupikia, kisha labda kwa ndege mmoja aliyetundikwa barazani kwa mtu, akipiga mbinja na kuwatukana wapita njia kwa maneno aliyofunzwa na vijana wa mtaani. Kwa hiyo tunamfikiria kuwa ndege wa nyumbani, jamaa ya kuku na njiwa. Sivyo alivyo. Kuku ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo wote waliochaguliwa kuzaa ni wale waliovumilia mkono wa mtu. Kasuku wa kijivu hajapitia uchaguzi huo. Oscar alianguliwa kizimbani, na pete isiyo na kiungo aliyovishwa mguuni akingali kinda ndiyo ushahidi wake, lakini ukihesabu vizazi vichache tu kurudi nyuma utafika msituni, kwenye misitu inayoanzia magharibi mwa Afrika, ikapitia Kongo na Uganda na kuishia karibu na Kakamega.

Jinsi wazazi wa ndege hawa walivyotoka huko haipendezi kusimulia. Katika sehemu nyingi wategaji hupaka ulimbo kwenye makuti na matawi, wakamfunga kasuku mwingine awe chambo, kwa kuwa ndege hawa huitana na kutua pamoja. Wanaonaswa hubanduliwa mmoja mmoja, na wengi hufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Rekodi za biashara ya kimataifa zinaonyesha kwamba tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliokamatwa porini waliuzwa nje ya nchi zao, bila kuhesabu waliokufa njiani wala waliopitishwa kwa magendo. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimhamishia ndege huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kwa walioko Kenya, kumweka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kwa hiyo hakuna neno hata moja katika makala haya linalomshauri mtu akanunue kasuku kwenye gunia kwa dereva wa lori.

Ninachotaka kusema ni hiki: ndege aliyezaliwa na hofu ya kuliwa, macho yake yakiwa pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, haumi kwanza. Kuuma ni hatua ya mwisho. Porini, jibu lake la kwanza kwa hatari ni kuruka, na kabla ya kuruka kuna msururu mrefu wa ishara ambazo kasuku wenzake huzisoma bila shida. Sisi tumemtia kwenye tundu, pengine tukampunguza na mbawa, tukamwondolea njia ya kukimbia, kisha tukashangaa kwamba amebakiwa na mdomo.

Kwa Oscar ishara ya kwanza ni ndogo mno: huacha alichokuwa akikifanya. Kama alikuwa anatafuna, taya husimama na chembe hubaki ulimini. Kisha manyoya hulala na kubana mwili mpaka anaonekana mwembamba na mrefu kuliko dakika moja iliyopita, na uzito wake huhamia mguu ulio mbali nawe. Jicho la kijivu wa umri wake lina rangi ya manjano iliyopauka, na mboni nyeusi iliyo katikati huanza kubana na kutanuka, kubana na kutanuka, bila taa kubadilika. Ukiendelea, manyoya ya shingo, yale yenye ncha nyeupe, husimama kama magamba, kichwa huinama mbele, na ukiwa karibu utasikia mngurumo mdogo ambao mtu asiyeujua hawezi kuamini kwamba unatoka kwa ndege. Yote hayo yanaweza kupita katika sekunde tatu. Mboni pekee hazitoshi kumhukumu, maana hubana pia anapofurahi au anapofanya mazoezi ya kuiga sauti mpya. Lazima usome mwili mzima.

Sasa mchukue ndege huyo umpeleke kwenye nyumba yenye glavu. Alipobana mwili, mkono ulikuja. Aliposimamisha manyoya, mkono ulikuja. Alipounguruma, watoto walicheka na mkono ukaja. Alipouma, mkono uliondoka. Susan Friedman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah ambaye kwa miaka mingi amewafundisha wafugaji na wahudumu wa wanyama, husisitiza kutazama vitu vitatu: kilichotangulia kitendo, kitendo chenyewe na kilichofuata. Ukimtazama Oscar kwa njia hiyo, neno kama «mkorofi» halina kazi tena. Alijaribu maneno manne, matatu hayakusikilizwa, akabaki na lile moja lililosikilizwa. Baada ya muda ndege mwenye akili huacha hata kujisumbua na hayo matatu, ndipo watu wakasema kwamba anauma bila onyo.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na ushauri mmoja ambao kila mwenye kasuku ameusikia: ukiumwa usishtuke, usitoe sauti, usiondoe mkono, ili ndege asijue kwamba ameshinda. Ni kweli kwamba kupiga kelele hakusaidii, na kasuku wengine hufurahia tamasha. Lakini mkono usioondoka baada ya kuumwa humfundisha ndege jambo moja tu, kwamba hapo alipobana hapakutosha na mara nyingine abane zaidi. Ushauri mwingine wa aina hiyo unadai kwamba kasuku asiwekwe juu ya usawa wa macho ya mtu, eti atajiona mkuu wa nyumba. Ndege huyu hupumzika juu ya miti mirefu. Akipanda juu anatafuta usalama, na hakuna utawala wowote anaoupangia. Na wale wanaomlazimisha ndege aliyeuma apande kidole baada ya kidole, mara nyingi mfululizo, kama adhabu, wanampa sababu ya kukichukia kidole kile kile wanachotaka akipende.

Hatua yetu ya kwanza ilikuwa kumpeleka kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, kwa maana maumivu nayo huuma. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kupungukiwa na kalisi, hasa wakilishwa alizeti tupu na kuishi ndani bila jua, na upungufu huo ukizidi huweza kuleta kutetemeka na hata kifafa. Oscar alikutwa salama, ila chakula chake kilibadilishwa: mboga za majani, karoti, viazi vitamu na vidonge maalumu vya chakula cha kasuku, alizeti ikibaki ya kuhesabu. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Vikaango vyote vya Teflon tulivitoa nyumbani, kwa kuwa vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoweza kumwua ndege ambaye hata hayuko jikoni.

Tundu lake tuliliweka sebuleni, upande mmoja likiegemea ukuta, mbali na dirisha linalotazama barabara. Ndege aliye wazi pande zote nne hana mahali pa kuweka mgongo. Usiku hulala gizani kwa muda wa saa 10 hadi 12, mfano wa usiku wa ikweta, jambo ambalo majira ya joto ya Uingereza, yenye mwanga hadi saa nne za usiku, hayalikubali bila pazia nzito. Nilishangaa jinsi usingizi peke yake ulivyopunguza ukali wake wa jioni.

Kisha hatukumgusa. Kila aliyepita karibu na tundu alidondosha kitu kizuri kwenye bakuli na kuendelea na safari yake bila kusimama, bila kumkodolea macho, bila kumbembeleza. Mwenzangu alisoma gazeti kwa sauti ya kawaida, amekaa kando, bega likimwelekea ndege badala ya uso. Anayetaka picha ya kuwaonyesha jamaa zake, kasuku begani, kipindi hiki humchosha sana, na naamini ndege wengi hurudishwa vituoni katika wiki hizi ambapo hakuna kinachoonekana kutokea. Kinachotokea ni kwamba ndege anafanya hesabu: huyu mtu anapokaribia, mambo huwa mabaya au mazuri?

Tatizo letu lilikuwa kujua kizuri ni kipi. Lozi alizila bila hamu, zabibu alizitupa. Nikimlalamikia mama kwa simu, akaniambia, «Mwanangu, kasuku mpe pilipili, si ndiyo inayomlegeza ulimi.» Habari ya ulimi siwezi kuithibitisha, lakini pilipili yenyewe ina elimu nyuma yake: ule ukali unaotuchoma sisi haumpati ndege, kwa kuwa vipokezi vyake vya neva haviitikii kemikali hiyo jinsi vya kwetu vinavyoitikia. Pilipili nyekundu iliyokaushwa ikawa ndiyo sarafu ya nyumba. Huishika kwa mguu wa kushoto, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaichana kwa urefu, akatoa mbegu moja moja kwa ncha ya ulimi, na ganda akaliacha lianguke juu ya zulia. (Anayefagia anashauriwa asijipanguse macho.)

Mkono ulikuwa bado ni adui, kwa hiyo pilipili ya kwanza aliyoipokea kutoka kwa mtu ilikuja kwenye kijiko cha mbao chenye mpini mrefu, kupitia nyavu za tundu. Tulisimama umbali ambao hakubana manyoya. Akibana, tulirudi nyuma hatua moja, na hilo la kurudi nyuma ndilo nalihesabu kuwa msingi wa yote yaliyofuata. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kubana manyoya kulileta matokeo. Watu huogopa kwamba ukimtii ndege hivyo atakuwa akikuamuru kila siku. Kwetu ilikuwa kinyume: kadiri ishara ndogo zilivyofanya kazi ndivyo alivyozitumia kwa uchache, maana mwenye mlango unaofunguka hana haja ya kusimama mlangoni muda wote.

Baada ya kijiko kilifuata kijiti. Unamwonyesha kijiti chembamba, na kila akikigusa kwa mdomo unatoa mlio mmoja mfupi usiobadilika, kisha pilipili. Mlio humwambia ni kitendo gani hasa kilicholipwa, kwa kuwa zawadi huchelewa kufika na ndege huwa amekwisha kufanya jingine. Akielewa, atakifuata kijiti kushoto na kulia, juu ya tundu na nje ya tundu, kwa miguu yake mwenyewe na bila mtu kumshika. Vipindi vyetu vilikuwa vifupi, na tulivimaliza akiwa bado anataka. Kwa njia hiyo hiyo alijifunza kupanda kwenye mizani ya jikoni, na uzito wake katika gramu ndio unaotuambia mapema kama anaanza kuugua, kwani ndege huficha ugonjwa mpaka asipoweza tena.

Kumwomba apande mkononi kulikuja baadaye, na hapo nilijikuta nikirudi kwenye adabu niliyolelewa nayo. Ukifika mlangoni pa mtu unapiga hodi. Usipoitikiwa unapiga tena, na mara ya tatu ikipita kimya unakwenda zako bila kinyongo, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Mkono wangu, na hasa sehemu iliyo chini ya kiwiko iliyofunikwa na sweta, kwa kuwa vidole vilimkumbusha mengi, niliuweka mbele yake kidogo chini ya kifua, nikangoja. Akiinua mguu, ameitikia karibu. Akigeuza kichwa, akianza ghafla kujichambua manyoya au akisogea pembeni, hajafungua, nami nikauondoa mkono. Kusukuma mkono tumboni mwa ndege ili apoteze mizani na alazimike kupanda, kama inavyofundishwa na wengi, ni kuvunja mlango.

Kuna kitu kimoja hapa kinachowapotosha wengi. Kasuku hutumia mdomo kama mguu wa tatu. Kabla ya kukanyaga tawi jipya hulishika kwa mdomo kupima kama litamchukua. Anapoinamisha kichwa na kuukaribisha mdomo kwenye mkono, mtu aliyewahi kuumwa hushtuka na kuuvuta, ndege huona kwamba tawi limeyumba, na safari ijayo atalishika kwa nguvu zaidi. Tofauti huonekana ukitulia: anayepima huja polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, na ulimi mkavu na mweusi hugusa ngozi kabla ya mdomo kufunga. Aliyekusudia kuuma huja haraka, na manyoya ya shingo yamesimama. Nilijizoeza kuliacha tawi lisiyumbe kwa kuegemeza kiwiko mezani.

Alex, kasuku wa kijivu ambaye Irene Pepperberg alimnunua katika duka la wanyama huko Chicago mwaka 1977 na aliyekufa mwaka 2007, anasifiwa kwa kutaja rangi, maumbo na idadi. Linalonivutia zaidi ni kwamba alikuwa pia na namna ya kusema hapana, na ya kuomba arudishwe kwake alipochoka na maswali. Mara nyingi tunawafunza kasuku wetu salamu, nyimbo na majina ya watoto, na hatuwaachii hata neno moja la kukataa. Oscar analo lake, ingawa hatukumfundisha: akishachoka na wageni hutoa ule mlio wa tanuri la mikrowevu lililomaliza kazi, mara tatu, na anayetufahamu hujua kwamba muda umekwisha.

Isidhaniwe kwamba amekuwa mpole. Majira ya kuchipua, homoni zinapopanda, hulinda kona ya kabati kana kwamba ameatamia humo, na mkono wowote unaoingia utaumwa, hata wangu. Tumeziba kona hiyo, na tunamkuna kichwani tu, kwa sababu kumpapasa mgongoni na chini ya mbawa humwamshia hamu ya kujamiiana na kuongeza ukali. Glavu za baridi huvuliwa nje ya mlango. Hata za sufu zilizofumwa humfanya angurume. Manyoya ya kifua yameota sehemu, yakang'olewa tena, yakaota, na daktari alituonya kwamba mengine huenda yasirudi kabisa.

Na imani yake ni ya mtu kwa mtu. Kwangu hupanda bila kusita, kwa mwenzangu hupanda akiwa na njaa ya pilipili, na kwa wengine bado anahesabu. Hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufikia miaka 50 na zaidi, nasi hatukuwa vijana tulipomchukua. Tumeandika nani atamchukua tukiondoka: binti wa dada yangu, ambaye sasa huja kila mwisho wa mwezi. Sharti alilopewa si kumzoesha ndege kwake upesi, bali aweze kusema kwa sauti, pasipo kugusa chochote, kila kinachobadilika mwilini mwa Oscar anapomkaribia. «Ameacha kutafuna, mama mdogo,» huniambia. «Amehamia mguu wa kulia. Shingo bado imelala.» Kisha hurudi nyuma hatua moja au husogea moja, kutegemea alichokiona. Amekwisha kupokea pilipili yake kutoka kwenye kijiko. Mkononi bado hajapanda.